Kabla hujalipia mashine ya maji, uliza imepima nini



Msimu wa harusi ndio huu, na kila bibi harusi anayekuja kwetu kupimwa shela ana orodha yake ndefu: kitanda, friji, mapazia, vyombo vya Dubai. Siku hizi orodha imeongezeka kitu kimoja, mashine ya kuchujia maji. Mashine hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni namna inavyouzwa, maana inauzwa kwa khofu, na khofu yenyewe inatengenezwa mbele ya macho yetu kwa waya wa umeme na vyuma vinne. Sisi tunaona wanawake wa visiwa hivi tunastahili kupimiwa maji kikweli. Na vipimo vya kikweli vipo, vyengine vimetengenezwa kwa njia ile ile ya kile kipimo cha sukari alichonacho bibi yako kabatini.

Tuanze na hao wauzaji. Mwaka jana, Mfunguo Mosi, walikuja vijana wawili dukani kwetu, wamevaa vizuri, wana mkoba na maneno matamu. Wakaomba gilasi mbili. Moja wakatia maji ya kisima chetu, nyengine wakatia maji waliyokuja nayo kwenye chupa, ya mashine yao. Wakatumbukiza kifaa chenye vyuma vinne, viwili kila gilasi, wakachomeka kwenye umeme. Haukupita muda maji yetu yakaanza kugeuka: manjano kwanza, kisha rangi ya kutu, kisha yakafanya utando mchafu juu kama wa sufuria iliyolala na mchuzi. Maji yao yakabaki vile vile. "Haya ndiyo mnayowapa watoto," wakasema.

Dukani palikuwa na msichana amesimama na shela lililojaa pini, harusi yake imebaki wiki moja. Akasema mashine ataichukua, atatoa kwenye mahari yake. Mahari yake! Haki yake peke yake, ambayo hata mume hana ruhusa ya kuigusa bila ya ridhaa yake, ilikuwa inakwenda kwa gilasi moja ya maji machafu.

Bahati njema alikuwepo mwalimu wa sayansi wa skuli ya jirani, amekuja kuchukua baibui lake. Akaomba chumvi. Akatia chembe mbili tatu kwenye ile gilasi yao safi, akakoroga, akawaambia, "Haya wanangu, washeni tena." Nayo ikageuka rangi ya kutu. Vijana wakafunga mkoba wao, na salamu za kuagana hazikuwa tamu kama zile za kuja.

Mwalimu alitueleza, na sisi tunawaeleza. Vile vyuma ni vya chuma cha kawaida. Ukipitisha umeme kwenye maji yenye chumvichumvi, chuma kinamumunyika na kuwa kutu. Ile rangi yote imetoka kwenye kifaa chao, haikutoka kisimani. Maji ya mashine yao hayakugeuka kwa sababu yameondolewa chumvi na madini karibu yote, kwa hiyo umeme haupiti vizuri. Ukiyarudishia chumvi, yanageuka kama mengine. Na maji ya visima vyetu, yanayotoka kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi. Kila anayefua kwa mkono anajua sabuni inavyokataa kutoa povu. Yatageuka kila siku mbele ya kifaa hicho hata yakiwa salama kuliko maji yote ya mtaa. Mchezo huu si wa kwetu peke yetu, umechezwa India, Urusi na hata Marekani. Tafadhali msiujaribu nyumbani, umeme wa ukutani na maji havichezewi.

Kuna na ile kalamu ya kupimia, inayotoa namba kwenye kioo. Hiyo si uongo, lakini inapima jambo moja tu: wingi wa chumvi na madini yote yaliyoyeyuka kwa jumla, kwa kuangalia umeme unapita kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linasema maji yakiwa chini ya miligramu 600 kwa lita kwa kawaida huwa na ladha nzuri, na yakipita 1,000 watu wengi huanza kuyakataa. Hayo ni maneno ya ladha, hayasemi kitu juu ya sumu wala vijidudu. Maji ya mvua yaliyoingia tangi lenye panya aliyekufa yatatoa namba ndogo ya kupendeza kabisa. Maji ya kisima kizuri cha matumbawe yatatoa namba kubwa ya kutisha. Ukimruhusu mtu akuuzie kitu kwa namba hiyo, umempa kofia ya mwenzako apimie kichwa chako.

Sasa wapo wanaotwambia, maji tunayajua kwa rangi, ladha na harufu, na hivyo ndivyo tulivyosomeshwa chuoni tangu wadogo. Ni kweli, na hatuna la kuongeza kwenye fiqhi. Masuala ya tahara tunawaachia masheikh wetu. Lakini kumbukeni mfano ulio mbele ya nyumba zetu: maji ya bahari. Yanafaa kutawadhia na kuogea janaba bila ya shaka yoyote, na hakuna anayemnywesha mtoto wake. Tahara ya maji ni jambo moja, kufaa kunywewa ni jambo jengine. Alama tatu zinatosha kwa lile la kwanza. Kwa la pili hazitoshi, kwa sababu vipo vitu vinavyoingia majini bila ya rangi, bila ya ladha na bila ya harufu.

Mfano wa kwanza ni naitreti. Inatokana na mbolea na pia na mashimo ya vyoo, na inateremka na maji ya mvua hadi kisimani. Kwa mtu mzima si tatizo kubwa kwa kawaida. Kwa mtoto mchanga wa chini ya miezi sita anayepewa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo, inaweza kuharibu uwezo wa damu kubeba hewa ya oksijeni, mpaka ngozi ikafanya rangi ya buluu. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 50 kwa lita kwa ajili ya hao watoto khasa. Na hapa ndipo tunapowaomba mabibi harusi wasome mara mbili: kuchemsha hakuondoi naitreti. Kuchemsha kunaua vijidudu, na mwendelee kuchemsha, lakini naitreti inabaki sufuriani, na kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke ndivyo inavyozidi kukoza. Mama mkwe akikwambia "chemsha tu mwanangu, itaisha," mwitikie kwa heshima, kisha kapime.

Mfano wa pili ni dawa za kuulia wadudu, za mpunga, za mboga, na zile tunazonunua wenyewe kwa ajili ya mende. Nyingi za aina hizo zinaua kwa kuziba kitu kimoja kilichomo kwenye mishipa ya fahamu ya mdudu, na kitu hicho hicho tunacho na sisi. Kinaitwa kimeng'enya.

Vimeng'enya tunavifahamu jikoni kuliko tunavyodhani. Tunaposugua nyama ya mishikaki kwa papai bichi ikalainika, ni kimeng'enya cha papai kinachofanya kazi. Ukitafuna wali muda mrefu ukahisi utamu mdomoni, ni kimeng'enya cha mate kinachougeuza wanga kuwa sukari. Sifa yake kubwa ni kuchagua: kila kimeng'enya kina kazi yake, kama ufunguo na kufuli yake. Cha papai hakishughuliki na wanga, cha mate hakishughuliki na nyama.

Mmarekani mmoja, Leland Clark, ndiye aliyefikiria kuitumia sifa hiyo kupimia. Mwaka 1962 alieleza namna ya kuweka kimeng'enya kinachoitambua sukari juu ya ncha ya kupimia umeme. Sukari ya damu ikifika, kimeng'enya kinaishughulikia yenyewe tu, yale mabadiliko yanaonekana kama umeme mdogo sana, na wingi wa umeme unakwambia wingi wa sukari. Mashine ya kwanza ya maabara iliingia sokoni mwaka 1975, na kile kipimo cha nyumbani cha umeme, cha ukubwa wa kalamu, kikaja mwaka 1987. Leo bibi zetu wanajitoboa kidole baada ya sala ya asubuhi, wanatia tone la damu kwenye kile kijikaratasi, na baada ya sekunde chache wanajua kama watie sukari kwenye chai au waiache.

Tazameni tofauti yake na ule mchezo wa gilasi mbili. Vyote viwili ni umeme ndani ya kitu cha majimaji. Lakini kipimo cha bibi kina mlinzi mlangoni anayemjua mtu mmoja kwa sura. Vyuma vya wale vijana havina mlinzi. Chochote chenye chumvi kinapita, na kutu ndiyo inayosema.

Watafiti wanaitumia njia hii kwa maji pia, kwa miaka mingi sasa. Kwa naitreti wanatumia kimeng'enya kinachoibadilisha naitreti. Kwa dawa za wadudu wamefanya ujanja unaotupendeza sana: wanachukua kile kile kimeng'enya cha mishipa ya fahamu ambacho dawa inakiziba, wanakibandika kwenye ncha ya kupimia, na wanakilisha chakula chake. Kikiwa kizima, kinafanya kazi na umeme unatoka. Maji yakiwa na dawa, kimeng'enya kinazibwa, umeme unashuka. Kadiri ulivyoshuka ndivyo dawa ilivyo nyingi. Yaani kimeng'enya kinadhurika kwenye kijikaratasi kabla mtoto hajadhurika. Baadhi ya vimeng'enya hivyo vimetokana na inzi wadogo wa matunda, wale wanaozunguka ndizi mbivu, kwa sababu chao ni chepesi kudhurika kuliko vyengine.

Na kijikaratasi chenyewe, dada zetu mafundi, kinachapwa. Wanatandaza wino wa kaboni juu ya plastiki kupitia kitambaa cha wavu kilichobanwa kwenye fremu, kwa ubao wa mpira, sawasawa na wanavyochapa fulana za vikundi vya harusi. Tulipolijua hilo tulicheka, kisha tukanyamaza. Kazi ya mkono ya namna hiyo wasichana wetu wanaiweza.

Hatutaki kuwauzia ndoto, maana tumetoka sasa hivi kuwalaumu wauza ndoto. Kipimo cha dawa za wadudu kwenye maji hutakikuta duka la dawa kando ya kipimo cha sukari, na sababu zipo. Ya kwanza ni uchache wa kinachotafutwa. Damu ya mtu mzima wa afya ina kama gramu 0.9 za sukari kwa lita. Mpaka waliouweka nchi za Umoja wa Ulaya kwa dawa moja ya wadudu kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 0.1 kwa lita. Tulikaa na kikokotoo: ni kidogo kuliko ile sukari kwa mara milioni tisa. Kumtafuta mtu mmoja kati ya watu milioni tisa si sawa na kumtafuta mwenye nyumba aliyekaa barazani kwake.

Ya pili, kimeng'enya ni kitu cha mwili, kinaharibika kwa joto na kwa kukaa, na kwetu hapa joto halihitaji maelezo. Ya tatu, hicho kinachoshtuka kwa dawa ya wadudu kinaweza kushtuka pia kwa madini mazito kama zebaki, kwa hiyo kinapiga kelele kwamba kuna mtu ndani bila ya kumtaja jina. Maabara kubwa ndiyo itakayomtaja. Kwetu hilo si kasoro ya kukifanya kitupwe. Kazi yake ni kuchuja: visima mia vipimwe kwa haraka na kwa bei ndogo, vile vichache vilivyoshtua ndivyo vipelekwe kwenye mashine ya gharama.

Sababu ya nne ndiyo inayotuudhi. Kipimo cha sukari kilikua haraka kwa sababu kilikuwa na mnunuzi: mamilioni ya wagonjwa wanaohitaji vijikaratasi kila siku, na kampuni zikakimbilia huko. Maji hayana mnunuzi wa namna hiyo. Kila mtu anayanywa na hakuna anayejiona yeye ndiye wa kulipia kuyapima. Mwenye nyumba anachimba kisima, anaweka tangi juu, anaandika "maji saa 24" kwenye tangazo la kupangisha, basi. Mpangaji haulizi. Bibi harusi anauliza rangi ya malumalu. Tunaulizana bei ya dhahabu mpaka senti ya mwisho, lakini maji atakayopikia, atakayotawadhia, atakayombebea mimba na atakayomkorogea mtoto hatuyaulizi jina wala kabila.

Na kisiwa chetu kina haja zaidi ya kuuliza. Sehemu kubwa ya Unguja, khasa mashariki na kusini, ni mawe ya matumbawe yenye nyufa. Mvua haikai juu ikachujwa polepole na udongo mzito. Inateremka haraka pamoja na kilichomo njiani. Shimo la choo la jirani na kisima chako wanaweza kuwa wanazungumza chini kwa chini. Kipindupindu kimetutembelea mara nyingi tangu miaka ya 1970, hilo hakuna asiyelijua. Wanaosema mababu walikunywa maji haya haya wakaishi miaka mingi, tunawajibu kwa adabu kwamba mababu hawakuwa na nyumba zilizobanana hivi na shimo kila baada ya hatua ishirini, na hizi dawa za viwandani zilienea duniani baada ya Vita vya Pili. Hata Seyyid Barghash, miaka ya 1880 ambapo mji ulikuwa mdogo kuliko sasa, aliona visima vya mjini havitoshi, akaleta maji kwa mabomba kutoka chemchem ya Bububu.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Wakubwa wetu wa maji na wa afya, matokeo ya kupima visima yabandikwe pale watu wanapochota: msikitini, dukani kwa shehia, kliniki ya wajawazito. Chuo chetu kikuu kiwape wanafunzi wa kike hii kazi ya vijikaratasi vya vimeng'enya waifanyie majaribio kwa maji ya hapa na joto la hapa, kwa sababu kilichofanya kazi kwenye baridi ya Ulaya lazima kithibitike kwetu. Na sisi wenyewe tuwe wanunuzi. Nyumba ya wapangaji wanne wakichangiana, gharama ya kupima kisima kimoja haifiki ya shela la kukodi kwa usiku mmoja. Tunalijua soko la mashela, ndiyo kazi yetu.

Kwa sasa, ukihamia nyumba mpya yenye kisima, nenda na mwenye nyumba mkaulize maabara ya serikali. Omba mambo mawili kwanza. La kwanza ni vijidudu vya kinyesi, vinavyoitwa E. koli: havitakiwi kuwepo hata kimoja kwenye mililita 100 za maji ya kunywa. Hata hicho kipimo, katika njia mojawapo inayotumika sana duniani, ni kazi ya kimeng'enya: vijidudu vyenyewe vinajisaliti kwa kimeng'enya chao, na maji yanang'ara buluu chini ya taa maalumu. La pili ni naitreti, na hili usiliache kama una mimba au unatarajia. Dawa za wadudu uliza kama kisima kiko karibu na mashamba ya mpunga au mboga.

Yakishajulikana yaliyomo, ndipo mashine inunuliwe, au isinunuliwe. Mashine ile ya kusukuma maji kwenye utando mwembamba inapunguza naitreti vizuri. Chujio la mkaa halifanyi hivyo, ingawa linasaidia kwa dawa nyingi za wadudu. Kama tatizo ni vijidudu peke yake, sufuria na moto vinatosha, na mahari yako yabaki benki.

Chupa ya sampuli chukua kwao maabara, usitumie ya soda. Usiisuuze, usiiguse ndani ya mdomo wake wala kifuniko. Acha maji yamwagike kidogo kwanza, jaza, funga, weka kwenye barafu, ipeleke siku hiyo hiyo asubuhi. Na kama unaweza kuchagua wakati, pima baada ya mvua kubwa za Masika, kwa sababu hapo ndipo yaliyo juu yanapoteremka chini.